Maswali ya Wasomaji: Treni ya Mizigo, Kichwa cha Rangi za Kale na Jua la Pwani

Karibuni tena kwenye ukurasa wa maswali ya picha. Mwezi huu barua zote ni za treni, manake tangu tulipotoa ile picha ya treni ya mizigo ikipita Mariakani jioni, maswali yamemiminika kushinda hata yale ya picha za harusi, na mengi yatoka Malindi na Lamu ambako hatuna hata hatua moja ya reli. Nimefurahi sana wallahi. Nimechukua yale yenye uzito, na yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

*Kaka, salaam. Mie napiga picha za watalii ufuoni, kule karibu na nguzo ya Vasco da Gama, na siku ambazo hakuna wageni nakaa bure. Ile picha ya treni imenikaa moyoni. Nna Canon ya zamani na lenzi yake ya 18-55, na simu. Nataka kupiga treni ya mizigo lakini kutoka Malindi niende wapi, nifike saa ngapi, na nisimame wapi nisije nikashikwa?*
*Kijana wa Muyeye, Malindi*

Ndugu yangu, kwanza usiende Mombasa mjini, utapoteza nauli na nusu ya siku. Panda gari la Mombasa, ukishavuka daraja la Kilifi shuka Mavueni, hapo ushike barabara ya Kaloleni mpaka itokee Mariakani. Reli ya SGR yapita hapo na ina stesheni yake, na treni za mizigo zinazotoka bandarini kwenda Nairobi na Naivasha lazima zipite hapo, hazina njia nyingine.

Sasa jua, manake hapa ndipo picha inapoamuliwa, tena kabla treni haijafika. Reli ile ukiitazama kwenye ramani yatoka Mombasa ikielekea kaskazini-magharibi. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hivyo treni inayoshuka kuja Mombasa uso wake umewaka vizuri, na ile inayopanda Nairobi uso uko gizani, utapata kivuli na taa mbili basi. Jioni mambo yageuka, inayopanda ndio nzuri. Wewe umezoea ufuo wa Malindi ambako jua latoka baharini, hilo nusu ya kazi ushalijua. Lakini ongeza na msimu: wakati wa kusi, Juni na Julai, jua limeelemea kaskazini, kwa hivyo asubuhi simama upande wa kaskazini-mashariki wa reli. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, limehamia kusini, jioni simama upande wa kusini-magharibi. Na kwa vile reli ina kona zake, ukifika mahali usipokuwa na uhakika angalia kivuli chako mwenyewe, kikianguka kuelekea reli uko upande sawa, kikianguka nyuma yako vuka uende upande wa pili, lakini uvukie kwenye barabara chini ya daraja si juu ya reli.

Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, alafu saa kumi mpaka magharibi. Sisi tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko utosini, paa la kichwa cha treni lang'aa na magurudumu chini ni weusi mtupu, hata uwe na kamera ya laki tano hutoki na kitu. Hapo kula, pumzika, swali adhuhuri.

Treni ya mizigo haina ratiba ya kutangazwa kama ya abiria, lakini kuna njia ya kukisia. SGR ni reli moja tu, treni mbili zikikutana moja yaingia njia ya pembeni stesheni ingoje, na kawaida ya abiria ndio hupewa njia. Kwa hivyo jua saa za treni ya abiria, alafu uwe mahali pako mapema kabla yake na ukae kidogo baada yake, mara nyingi utakuta ya mizigo ilikuwa imengojeshwa na sasa yaondoka taratibu. Ile inayoanza kuondoka ndio tamu, yatoa moshi, mabehewa yavutana moja baada ya jingine mlio unakwenda mpaka mkiani.

Kuhusu kushikwa. SGR imezungushiwa ua, na ua ule una maana yake, usiingie, usipande tuta, usimpe mtu chochote akufungulie. Picha za pale nyingi hupigwa kutoka barabara ya umma, kutoka pembeni ya daraja, au kilimani kwa mtu uliyemuomba ruhusa ya shamba lake. Ndani ya stesheni ongea na mkuu wa stesheni kwanza, mweleze wataka nini, mwonyeshe kazi zako kwenye simu. Ukikataliwa shukuru uondoke.

Na mipangilio: treni ya mizigo ya SGR imewekewa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yani mita 22 kila sekunde. Ukipiga kwa shata (muda kamera inaokaa wazi) ya 1/125 ya sekunde treni imesogea karibu sentimita 18 wakati kamera iko wazi, kila kitu kitakuwa na mkia. Kwa 1/1000 ni sentimita mbili na kitu tu. Jua la asubuhi anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/800, uone. Lenzi yako ya 18-55 yatosha kabisa, usidanganywe ununue kubwa, usogee tu mahali ambapo treni yaja kwako kwa upande kidogo, uone uso na ubavu pamoja. Ukitumia simu usipige treni inayopita mbele ya pua yako ubavu-ubavu, sensa ya simu yasoma picha mstari kwa mstari na mabehewa yatalala kama yaanguka. Piga ikiwa bado mbali, kidole ukikandamize kwenye kioo mpaka fokasi na mwanga vijifunge, alafu picha za mfululizo.

*Assalaam aleykum kaka. Mie ni mtoto wa Malindi, kwetu Shella, niko Marekani masomoni jimbo la Pennsylvania, na mama hunipigia picha ukurasa wenu anitumie. Huku watu hukimbizana na vichwa vya treni vilivyopakwa rangi za kampuni za zamani. Nilingoja kile chekundu cha Norfolk Southern namba 8102 karibu na Altoona, kikaja, lakini kilikuwa cha pili nyuma ya cheusi cha kawaida, na picha yangu ina mwanga wa taa tu na wekundu wenyewe umetoka kama kahawa. Nifanyeje siku nyingine? Na mbona wanapaka hivi?*
*Binti wa Shella, aliye mbali*

Waaleykum salaam dadangu, na mpe mama salamu nyingi. Barua yako ndio imenifanya niseme mwezi huu iwe treni tupu.

Nianze na la mbona. Kampuni kubwa za reli za Marekani zimetokana na kampuni nyingi ndogo kuungana na kununuliana, na kila iliyomezwa ilikuwa na rangi zake ambazo watu wa miji ile waliziona kila siku wakienda shule na kazini. Norfolk Southern ilizaliwa 1982, Norfolk and Western ilipoungana na Southern, kwa hivyo 2012 ilipotimiza miaka 30 ikachukua vichwa 20 vipya ikavipaka rangi za kampuni zilizotangulia. Tarehe 3 Julai 2012 vyote 20 vilikusanywa pamoja mji wa Spencer, North Carolina, kwenye karakana ya zamani ya Southern ambayo sasa ni makumbusho, ili watu wavipige picha. Hicho chako 8102 kimevaa rangi za Pennsylvania Railroad, wekundu uliokolea na mistari ya dhahabu, na ulisimama mahali pake hasa, manake reli ya Altoona ilijengwa na hiyo hiyo Pennsylvania. Yani kichwa kilikuwa kimerudi kwao. Wenzao Union Pacific walitangulia 2005 na 2006 wakapaka sita, na wao walifanya jambo ambalo mie nalipenda mno, namba ya kila kichwa ni mwaka kampuni ile ilipoingia kwao: 1982 ni Missouri Pacific, 1983 Western Pacific, 1988 Missouri-Kansas-Texas, waliyoiita Katy, 1989 Rio Grande, 1995 Chicago and North Western, 1996 Southern Pacific. Ukiona namba tu ushasoma historia.

Cha kukumbuka ni kwamba hivi si vya maonyesho. Ni vichwa vya kazi, vyavuta makaa ya mawe na makontena na magari mapya, leo viko Pennsylvania kesho viko Georgia, hata kampuni nyingine huvitumia kwa mkopo. Hakuna anayekipanga kiwe mbele kwa sababu ya wapiga picha, karakana yaunganisha kilicho tayari. Ndio maana mara nyingi utakikuta cha pili, cha tatu, kimegeuzwa kinyumenyume, au kiko katikati au mkiani mwa treni kikisaidia kusukuma. Kwa hivyo usifunge kamera baada ya vichwa vya mbele kupita, hasa Altoona ambako treni nzito zinazopanda magharibi huongezwa vichwa vya kusukuma nyuma. Subiri mpaka behewa la mwisho.

Kikiwa cha pili dawa yake ni mahali pa kusimama. Ukisimama nje ya kona, au karibu sana na mstari, cha mbele kitakiziba. Simama ndani ya kona, mbali kidogo na juu kidogo, treni yakuzunguka na kila kichwa chaonyesha ubavu wake. Bahati yako uko karibu na Horseshoe Curve, kona ya kiatu cha farasi iliyofunguliwa 1854, ina bustani ya watazamaji pale ndani kabisa ya kona, halali, salama, hutafuti mahali pa kujificha. Treni inayopanda pale yaenda polepole na yapiga kelele ya kutetemesha kifua, utakuwa na muda wa kupiga, kuangalia, kurekebisha na kupiga tena. Na usijaribu kukiondoa cheusi cha mbele kwenye picha. Kiache, ndio ukweli wa siku ile, chekundu nyuma ya cheusi chaonekana wekundu wake zaidi.

Sasa taa. Treni ya Marekani ina taa kubwa juu na mbili ndogo chini, kamera ikiwa ya kujiamulia yaona zile taa zasogea yadhani mwanga umezidi, yafunga, picha yatoka giza na rangi yafa. Usiiachie iamue. Dakika kumi kabla ya treni elekeza kamera kwenye majani au kokoto zilizo kwenye jua lile lile, pima hapo, weka kwa mkono, usiguse tena, treni ije na taa zake kumi mipangilio yako ni ile ile. Fokasi vilevile, chagua kitu kimoja pembeni ya reli, nguzo au taruma (kile kipande kinacholala chini ya vyuma vya reli) lililovunjika, funga fokasi hapo, ungoje pua ya kichwa ifike hapo ndio ubonyeze.

Ule wekundu kutoka kama kahawa una sababu mbili. Moja ni kivuli. Rangi iliyokolea ikikosa jua la moja kwa moja haina maisha, hapo huna la kufanya ila kubadilisha saa au upande. Ya pili ni kamera kurekebisha rangi yenyewe, yaona sehemu kubwa ni nyekundu yaamua kuna kasoro yaipoza. Weka rangi (ile white balance) kwenye alama ya jua, isiwe ya kujiamulia, na upige RAW, yani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kama kamera yako ina nafasi hiyo. Kichungi cha kupunguza mng'ao kikizungushwa vizuri kitaondoa ule weupe unaong'aa kwenye ubavu mpya uliopakwa vanishi, na mistari ya dhahabu itasomeka, lakini kinakula mwanga sana, siku ya mawingu kitoe.

Na tafadhali, dadangu, mama yako akinisoma ajue nimekuambia: reli za huko ni mali ya kampuni, kutembea juu yake ni kosa la sheria, na treni yatokeza karibu mita moja nje ya chuma kila upande. Ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 88 kwa saa yaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama, dereva akikuona ashachelewa. Ukiwa kwenye kivuko cha barabara sikiliza honi, mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, hiyo ndio ishara ya kivuko. Na mahali penye reli tatu kama pale, treni moja yaweza kuficha mlio wa nyingine inayokuja upande wa pili. Simama nje kabisa.

*Hamjambo. Sisi Lamu tuna punda na mashua, na bandari yetu imefunguliwa, lakini hiyo reli tuliyoahidiwa mbona hatuioni? Na mwanafunzi wangu ataka kujifunza kupiga picha za vitu vinavyokimbia, ajifunzie wapi na huku hakuna gari?*
*Mwalimu wa Langoni, Lamu*

Mwalimu, sijambo, namshukuru Mungu. Reli ya Lamu iko ndani ya LAPSSET, mpango wa kuunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, uliozinduliwa Machi 2012, bandari ndio imetangulia, gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, reli yenyewe bado haijajengwa. Siku itakayojengwa natamani mpiga picha wa kwanza wa mataruma yale awe mtoto wa Amu, si mgeni aliyekuja na ndege, kwa hivyo mfunze sasa hivi.

Ajifunzie kwa punda pale mbele ya bahari. Aweke shata 1/30, asimame miguu imara, amfuate punda kwa kiuno chake si kwa mikono, abonyeze akiwa bado anazungusha, na aendelee kuzungusha baada ya kubonyeza, hapo ndipo wengi hukwama, hubonyeza wakasimama. Akiweza kumtoa punda uso wazi na ukuta wa nyuma umekuwa mistari, basi siku akiletwa Mariakani atampiga picha dereva wa treni vilevile. Mashua zinazorudi jioni zamfunza jambo jingine, kupima mwanga kitu kikiwa kati yake na jua.

Na mkisafiri kwa treni kwenda Nairobi, madirisha yale hayafunguki. Simu igandamizwe kabisa kwenye kioo, nguo nyeusi kuizunguka kuondoa mwako wa ndani, na asipige wakati treni ina kasi, angojee kwenye stesheni ambako ya mizigo imewekwa pembeni kungoja. Pale utaipata imesimama, karibu, mpaka maandishi madogo ya uzito kwenye behewa yasomeka.

*Kijana wangu, mimi miaka ya sitini nilikuwa kazini stesheni ya Voi, wakati wa East African Railways and Harbours. Nina picha moja nyeusi na nyeupe nimesimama na wenzangu mbele ya Garratt, ile injini kubwa ya mvuke. Wajukuu waniuliza ilikuwa rangi gani, nikisema hawaamini. Picha imeanza madoa. Nataka waihifadhi kwenye simu zao lakini wakiipiga yatoka na mwanga mweupe katikati.*
*Mzee wa Ngala, Malindi*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako tumeisoma ofisini kwa sauti.

Wajukuu waambie hivi. Kama ni Garratt ya daraja la 59, na mstari wa Mombasa kwenda Nairobi ndio ulikuwa wao, basi rangi waliyojulikana nayo ni damu ya mzee. Zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, Uingereza, kuanzia 1955, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilichoma mafuta, si makaa. Uzito wake tani zaidi ya 250, na katika reli zote za upana wa mita moja duniani hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Tangi la maji mbele, mafuta nyuma, boila katikati imebebwa baina ya seti mbili za magurudumu, ndio maana kitu kirefu vile kiliweza kukata kona za reli ya zamani. Namba 5918, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli Nairobi mpaka leo kwa rangi ile ile, wapeleke wakashike wenyewe.

Tena mzee, chukua kioo cha kukuzia, au simu ya mjukuu mmoja iivute picha, mtazame ubavuni mwa injini. Pana kibao cha namba na kibao cha jina la mlima. Mkisoma hata tarakimu mbili za mwisho mtajua ni ipi hasa uliyosimama nayo. Alafu nyuma ya picha, kwa penseli laini si kwa kalamu, andika majina ya wale uliosimama nao, yupi kushoto yupi kulia, na nani alifanya kazi gani. Hilo ni wewe peke yako unayelijua.

Ule mwanga mweupe ni flashi ya simu, waizime. Itoe picha kwenye fremu na kioo chake, ilaze mezani karibu na dirisha la upande usioingia jua moja kwa moja, chini yake kitambaa cheusi. Simu iwe juu yake sawasawa, kingo nne za picha ziwe sambamba na kingo za kioo cha simu. Vumbi litolewe kwa brashi laini kabisa, usiruhusu mtu aipanguse kwa maji wala mate. Nzuri zaidi ni kuipeleka saiba yenye skana, waambie waichukue kwa nukta 600 kwa inchi, na mjukuu asimame hapo hapo mpaka picha irudi mkononi mwake. Wakitumiana WhatsApp waitume kama dokumenti, wakiituma kama picha programu yaibana na sura zapotea. Na ukipenda tutumie nakala, si ya asili, ya asili isitoke nyumbani kwako.

*Bro, kichwa cha rangi maalum naelewa, makumbusho naelewa. Lakini treni ya mizigo ya kila siku, makontena yale yale, kuna haja gani kweli?*
*Msomaji wa Watamu*

Soma barua ya mzee hapo juu. Ile Garratt ilipokuwa Voi ilikuwa treni ya mizigo ya kila siku, ikibeba shehena ya bandari kupanda bara, na hapakuwa na mtu aliyeiona maalum. Leo mzee ana picha moja. Wale Pennsylvania Railroad vivyo hivyo, wekundu ule ulikuwa wa kawaida kabisa mpaka ulipopotea ndio ukawa wa kupakwa upya kwa heshima. Hata hapa kwetu, kampuni ya Rift Valley Railways iliendesha reli ya zamani kuanzia 2006, ikaondoka 2017, na vichwa vyake na rangi zake tulivipita Mazeras na Mariakani tukiwa kwenye basi bila kutoa simu. Tafuta sasa picha nzuri za wakati ule uone utapata ngapi, tena zilizopigwa na watu wa pwani.

Mie nasema wazi, ikibidi nichague kati ya picha moja safi ya kichwa cha rangi maalum na picha za mwaka mzima za treni za kawaida mahali pamoja, nachukua za kawaida bila kufikiri mara mbili. Piga kichwa, lakini piga na mabehewa. Piga mataruma ya zege ya SGR na yale ya chuma ya reli ya zamani, yaliyo na kutu, piga mama anayeuza maji ya madafu kwenye barabara inayopita chini ya daraja treni ikipita juu yake. Hakuna atakayekuja kuvipaka rangi hivyo siku moja ili uvipate tena.

*Je naweza kurusha droni juu ya reli? Na nikishapiga, niandike nini chini ya picha?*
*Wawili tofauti, Malindi na Mpeketoni, nimewaunganisha*

Droni Kenya ina kanuni zake tangu 2020, lazima isajiliwe na uwe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na ukiwa maeneo ya Tsavo unahitaji ruhusa ya watu wa wanyamapori pia. Bila hizo karatasi usirushe. Na hata ukiwa nazo, juu ya reli inayotumika bila wenye reli kujua, usirushe.

Chini ya picha andika namba ya kichwa, mahali penyewe kwa jina wanaloliita wenyeji, treni yapanda au yashuka, tarehe, saa, na ilikuwa imebeba nini. Kama kichwa maalum hakikuwa mbele sema kilikuwa cha ngapi na kilielekea wapi. Binti wa Shella kwa mfano angeandika: 8102, cha pili nyuma ya cheusi, ikipanda kuelekea magharibi, karibu na Altoona, alafu tarehe na saa yake. Iandike siku ile ile usiku, kabla hujaanza kuchagua ipi nzuri.